Jinsi ya kupata kipato kwenye hatifungani riba zinapopanda na zinaposhuka

Kila benki kuu ikitangaza imepandisha au imeshusha riba, watu huniuliza swali lilelile, ninunue hatifungani sasa hivi au nisubiri? Na mi huwajibu kwa kuwauliza, hiyo hela utaihitaji lini? Wengi hawalipendi hilo jibu, wanaona kama nawakwepa, ila ndo swali lenyewe, maana riba ileile ikipanda leo inaweza kumuongezea mtu mmoja kipato na ikamtia hasara mwenzake mwenye hatifungani ileile kabisa, na kinachowatofautisha ni tarehe tu ya kuhitaji pesa. Nitaelezea kwa mpangilio huo, kwanza wewe na tarehe yako, alafu ndo riba.

Ila tuelewane kwanza jinsi bei inavyotembea. Ukinunua hatifungani umeikopesha serikali au kampuni, nao wanakulipa riba kila baada ya muda, mara nyingi kila miezi 6, hiyo ndo kuponi, na siku ya kuiva wanakurudishia mtaji. Kuponi ya hatifungani ya kawaida haibadiliki mpaka mwisho. Sasa kama umeshika ya miaka 10 uliyoinunua kwa 100, inayolipa asilimia 10, na wiki ijayo zinatoka mpya zinazolipa 12, nani atanunua yako kwa 100? Hakuna. Ukitaka kuiuza lazima ushushe bei mpaka mnunuzi apate 12 kama angeenda kununua mpya, na ukipiga hesabu (tuchukulie kuponi inalipwa mara moja kwa mwaka ili iwe rahisi) bei inaangukia kama 88.70. Mpya zikitoka kwa 8 badala ya 12, yako inapandia kama 113.40. Ni mizani, riba za sokoni zikienda juu bei inakwenda chini, na kinyume chake.

Hatifungani ya miaka 2 yenye kuponi hiyohiyo ya 10, riba ikipanda mpaka 12 inashuka mpaka 96.60 tu. Kwahiyo muda uliobaki mpaka kuiva ndo unaoamua utatikiswa kiasi gani, na ukikumbuka hilo moja tu umeshajikinga na makosa mengi.

Usiangalie kuponi, angalia faida ya mpaka kuiva

Hapa watu wanapotea sana kwakweli. Mtu anaona hatifungani ina kuponi ya 10 na nyingine ina 7, anakimbilia ya 10. Hajauliza bei. Ile tuliyosema inauzwa 113.40, ukiinunua utapokea 10 kila mwaka kwa kila 113.40 uliyotoa, ambayo ni 8.8 hivi, alafu siku ya kuiva unarudishiwa 100, sio 113.40, hiyo 13.40 imeyeyuka, na ukijumlisha vyote unachopata kwa mwaka ni asilimia 8. Na yule aliyenunua kwa 88.70 anapokea 10 kwa kila 88.70, ni kama 11.3, alafu mwishoni anapewa 100, ile 11.30 ya juu ni faida yake, jumla inakuwa 12 kwa mwaka. Hiyo namba ya jumla inaitwa faida ya mpaka kuiva, wengine wanaita yildi na mi nitaiita hivyo ili tusirefushe. Mwambie dalali akupe yildi kabla hujasema chochote kuhusu kununua, akikutajia kuponi peke yake muulize tena.

Lakini kununua kwa bei ya juu ya 100 sio kosa. Anaetaka hela nyingi ya kula sasa hivi, mfano mstaafu, anaweza kuchagua kwa makusudi hatifungani yenye kuponi kubwa huku akijua mtaji wake unapungua kidogokidogo. Kosa ni kula kuponi yote ukidhani ni faida tupu, kumbe sehemu yake ni mtaji wako mwenyewe unarudi.

Tarehe yako kwanza

Chukua karatasi uandike hela ulizonazo zimegawanyika vipi kwa muda. Ya dharura, ya ada ya mwakani, ya kujenga baada ya miaka 4, ya uzeeni. Ya dharura isikae kwenye hatifungani ndefu hata kidogo, iweke sehemu unayoweza kuitoa, kama akaunti ya akiba au dhamana za serikali za muda mfupi za siku 91 na za mwaka. Ya mwakani tafuta kitu kinachoiva mwakani. Ya uzeeni ndo inaweza kwenda kwenye ndefu.

Namfahamu mtu aliyeweka hela ya ujenzi kwenye hatifungani ya miaka 20 kwa sababu ilikuwa na riba nzuri kuliko zote kwenye orodha. Baada ya miaka miwili fundi anamsubiri, na riba za sokoni zimepanda pointi 3, yani kama zilikuwa asilimia 10 sasa ni 13. Tumia mfano wetu wa kuponi ya 10 uone, imebaki miaka 18, soko linataka 13, bei inakuwa kama 79.50. Alishapokea 20 za kuponi, jumla 99.50. Miaka miwili yote akarudi pale alipoanzia, na hapo dalali hajachukua kamisheni yake, na bei za vitu nazo zilikuwa zimepanda. Hatifungani ilikuwa nzuri tu. Angeshikilia angelipwa kila senti, ila yeye asingeweza kushikilia.

Na hili linawapata hata wakubwa. Silicon Valley Bank ya Marekani ilijaza hatifungani ndefu wakati riba ziko chini, riba zilipopanda thamani yake ikaporomoka, na Machi 2023 wateja walipotaka hela zao benki ikalazimika kuuza za kama dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8, taarifa ikasambaa, wateja wakakimbia zaidi, ndani ya siku chache benki imefungwa. Hatifungani zile zilikuwa salama kabisa kwa maana ya mkopaji kulipa. Waliokosea ni waliotumia hela ya watu inayoweza kudaiwa kesho kununulia kitu kinachoiva baada ya miaka mingi.

Pima mto wako kabla ya kununua

Hesabu hii natamani kila mtu aijue. Kila hatifungani ina namba inayoitwa dureshoni, dalali au tovuti ya soko huwa wanayo, na kazi yake ni kukwambia riba zikipanda pointi 1 bei yako itashuka takribani asilimia ngapi. Ile ya miaka 10 yenye kuponi ya 10 dureshoni yake ni kama 6.1, ya miaka 2 ni kama 1.7. Sasa chukua yildi ugawe kwa dureshoni, jibu lake ndo mto wako. Asilimia 10 gawa kwa 6.1 unapata 1.6, maana yake kwa makadirio ya haraka riba inaweza kupanda pointi 1.6 ndani ya mwaka na bado hujapata hasara, kwa sababu kuponi uliyopokea imefunika kushuka kwa bei. Uhalisia huwa juu kidogo ya hapo, na hata ikipanda pointi 2 nzima, baada ya mwaka mmoja umebaki na kama 99.30 kwa kila 100 ukijumlisha na kuponi. Ndo maana naita mto, ukianguka unaangukia kitu laini.

Sasa angalia bila mto inakuwaje. Agosti 2020 hatifungani ya serikali ya Marekani ya miaka 10 ilifikia yildi ya karibu asilimia 0.5, na dureshoni yake ni karibu 10. Gawa. Unapata 0.05. Riba kupanda hata pointi 0.05, kitu kinachotokea ndani ya asubuhi moja, kipato chote cha mwaka kimeliwa. Mwisho wa 2021 ilikuwa kwenye 1.5, mto bado mwembamba, alafu 2022 ikapanda na kufunga mwaka kwenye karibu 3.9, walioshika wakaumia vibaya, watu wakasema hatifungani zimekufa. Hazikufa. Zilikuwa zinauzwa bila mto na namba ilikuwa wazi kwa kila mtu kuiona. Austria waliuza 2020 hatifungani ya miaka 100 yenye kuponi ya 0.85, riba zilipopanda bei yake ikashuka chini ya nusu.

Kwahiyo kupanda kwa riba kunakotisha leo ndo kunakoshona mto wa kesho. Anaenunua baada ya riba kupanda ana kipato kikubwa zaidi na pia ana kinga kubwa zaidi, vyote kwa pamoja.

Riba zikiwa zinapanda

Baki mfupi kwa sehemu kubwa, ila usibaki nje. Kosa ninaloliona ni mtu kukaa na hela mkononi mwaka mzima akisubiri riba ifike kileleni, na kilele hakuna anaekijua mpaka kishapita. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha Machi 2022 kutoka karibu sifuri, ikapandisha mara 11 mpaka 5.25 hadi 5.50 Julai 2023, na katikati hapo kulikuwa na vipindi vingi watu wanaapa kwamba sasa imetosha.

Badala ya kubahatisha jenga ngazi. Una 1,000,000, gawa mara tano, nunua 200,000 inayoiva baada ya mwaka 1, 200,000 miaka 2, na kuendelea mpaka miaka 5. Kila mwaka kuna moja inaiva, hela ikirudi unanunua tena ya miaka 5. Riba zikiwa zimepanda, hiyo 200,000 inaingia kwenye riba mpya ya juu. Zikiwa zimeshuka, zile nyingine nne bado zinalipa za zamani. Na kila mwaka una hela inayorudi bila kumpigia mtu magoti anunue hatifungani yako. Baada ya miaka mitano zote ulizonazo ni za miaka 5 kwa asili, ambazo kawaida zinalipa zaidi ya za mwaka 1, lakini moja kati ya tano iko karibu kuiva muda wote. Sijaona njia nyingine inayomfaa mtu wa kawaida kuliko hii, na haikuhitaji uangalie habari kila siku.

Kama kwenye soko lako kuna hatifungani zenye riba inayoelea, yani kuponi inayorekebishwa kila miezi kadhaa kufuata riba za soko, kipindi hiki ndo chake. Bei yake haitikisiki sana na kipato kinapanda chenyewe. Ila jua riba zikigeuka kipato kinashuka chenyewe vilevile.

Kingine ni kupitia soko la upili, pale zinapouzwa zile zilizokwisha tolewa zamani. Riba zikipanda, pale kunakuwa na hatifungani za zamani zenye kuponi ndogo zinazouzwa 85, 80, na watu wanazidharau kwa sababu ya kuponi. Wewe angalia yildi. Kwa mtu asiehitaji hela ya kila mwezi, hizo zinampa kipato kidogo sasa na kingine kikubwa siku ya kuiva, na uzuri wake ni kwamba ile sehemu ya faida imefungwa ndani ya bei, huna kazi ya kutafuta pa kuiwekeza tena.

Riba zikianza kushuka

Hapa hatari inageuka sura na wengi hawaioni, maana haionekani kama hasara. Aliebaki kwenye dhamana za muda mfupi anafurahia riba nzuri ya leo, zikiiva anakuta mpya zinalipa kidogo, zikiiva tena kidogo zaidi, kipato kinakatwa bila mtu kumtangazia. Ukiona mfumuko wa bei umetulia na benki kuu imeacha kupandisha, hapo ndo pa kuanza kurefusha ngazi, sehemu ya hela iende miaka 7, 10, 15, ufunge riba ya leo kwa miaka mingi. Polepole, sio yote siku moja.

Ila hata ukifunga, kuponi zenyewe zinarudi na lazima uziweke mahali. Kwenye mfano wetu wa miaka 10 kwa asilimia 10, ukiziwekeza tena kuponi zote kwa 10, kila 100 inakuwa 259 mwishoni. Ukiziwekeza kwa 5 kwa sababu riba zimeshuka, inakuwa 226. Hatifungani ileile, mkopaji amelipa kila kitu kwa wakati. Kama unakula kuponi hili halikuhusu sana, kama unakuza mtaji linakuhusu mno.

Na soma masharti kama mkopaji ana haki ya kuikomboa mapema, hasa hatifungani za kampuni. Kampuni ikikopa kwako kwa 14 alafu riba zikashuka mpaka 9, itakulipa mtaji wako mapema na kukopa upya kwa bei rahisi, wewe uliedhani umefunga 14 kwa miaka 10 unarudishiwa hela wakati ambao hakuna pa kuiweka kwa riba hiyo. Riba zikipanda hawakukomboi, unabaki nayo. Yani wao wanachagua siku zote. Ukiinunua hiyo, ulipwe zaidi ya hatifungani isiyo na hilo sharti, na hesabu yildi mpaka tarehe ya kwanza ya kukombolewa, ilinganishe na yildi ya mpaka kuiva, chukua namba iliyo ndogo ndo ufanye nayo maamuzi.

Kuna jambo jingine naomba ulishike vizuri. Benki kuu inaamua riba ya muda mfupi sana, za miaka 10 na 20 zinaamuliwa na soko, kwa jinsi watu wanavyoona mfumuko wa bei na madeni ya serikali huko mbele. Septemba 2024 benki kuu ya Marekani ilianza kushusha, mpaka Desemba imeshusha pointi 1 nzima, na ndani ya kipindi hichohicho yildi ya miaka 10 ilipanda karibu pointi 1, kutoka 3.6 na kitu mpaka 4.6 hivi. Waliokimbilia hatifungani ndefu siku ya tangazo wakitegemea bei ipande waliumia. Soko lilishaweka hilo tangazo ndani ya bei miezi kabla. Kwahiyo ukinunua ndefu, nunua kwa sababu yildi yenyewe inakutosha ukishika mpaka mwisho, bei ikipanda ichukulie kama nyongeza.

Wakati mwingine utakuta za miaka 2 zinalipa kuliko za miaka 10, Marekani ilikuwa hivyo toka Julai 2022 mpaka Septemba 2024. Inashawishi kukaa mfupi tu, mbona unalipwa zaidi? Ni sawa kwa hela ya karibu. Kwa hela ya mbali soko linakwambia linategemea riba zishuke, ukikaa mfupi na kweli zikashuka ndo yale ya kipato kukatwa. Hapo mi hugawa, nusu fupi nusu ndefu, katikati naacha.

Riba kubwa sio kipato kikubwa

Yildi ya 12 wakati mfumuko wa bei ni 9 inakuachia kama 3. Yildi ya 7 wakati mfumuko ni 2 inakuachia 5. Anaepata 7 anatajirika zaidi ingawa hana cha kujisifia. Kama unaogopa mfumuko, kuna nchi zinatoa hatifungani zinazorekebishwa kufuata mfumuko wa bei, Uingereza wanazo toka 1981 na Marekani toka 1997, zinalipa kidogo kwa jina ila hicho kidogo ni cha kweli. Zikiwa ndefu nazo zinatikisika bei, 2022 zilishuka pia, kwahiyo mambo ya dureshoni yako palepale.

Na ukiona kampuni inalipa mbali kuliko serikali, hiyo tofauti ni malipo ya hatari ya kutolipwa. Wakati riba zinashuka kwa sababu uchumi umeharibika, hatifungani za serikali imara hupanda bei na za kampuni dhaifu huanguka, 2008 zile za daraja la chini za Marekani zilipoteza zaidi ya robo ya thamani wakati za serikali zinapanda. Usizichanganye kwenye hesabu moja eti zote ni hatifungani. Vilevile kukopesha serikali ya nchi nyingine kwa sarafu yake, kubadilika kwa sarafu kunaweza kumeza riba ya miaka mitatu ndani ya mwezi.

Vitu vidogo vinavyokula kipato

Uliza kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwenye kuponi ni ngapi, kuna sehemu hatifungani za muda mrefu za serikali zimesamehewa na fupi hazijasamehewa, hiyo peke yake inaweza kugeuza uamuzi wote. Uliza kamisheni ya kununua na ya kuuza. Uliza pia inauzika kwa urahisi kiasi gani, maana kuna hatifungani unaona bei kwenye orodha lakini haijanunuliwa na mtu miezi minne, hiyo bei ni maandishi tu.

Ukinunua soko la upili katikati ya kipindi utamlipa muuzaji riba iliyolimbikizwa, yani ya siku alizoishika toka kuponi ya mwisho. Kuponi ya 10 inayolipwa nusu nusu, ukinunua miezi mitatu baada ya malipo unamwongezea 2.5 juu ya bei, usishtuke ukadhani umeibiwa, kuponi ijayo utapokea 5 nzima, 2.5 yako na 2.5 uliyomtangulizia.

Mfuko wa pamoja wa hatifungani unafaa kwa mwenye mtaji mdogo au asietaka kazi hizi zote, ila mfuko hauna siku ya kuiva, hakuna tarehe utakayorudishiwa 100 yako. Angalia dureshoni ya mfuko, ikiwa 6 ichukulie kama miaka 6, na hela unayoihitaji kabla ya miaka hiyo usiiweke humo.

Ukishanunua, andika kwenye kalenda ya simu tarehe za kuponi zote na za kuiva, na weka ukumbusho wa wiki mbili kabla ya kila kuiva ili uwe umeshapata ratiba ya mnada unaofuata, pale serikali inapouza hatifungani mpya. Pesa iliyoiva ikalala kwenye akaunti isiyolipa kitu kwa miezi mitatu imekugharimu kuliko ile robo ya asilimia uliyokuwa unabishana na dalali.